Kabla ya kusaini fomu ya jicho la mwanao, uliza kuhusu tufe

Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane nilipoona jicho lake la kushoto linang'aa kama la paka. Kituo cha kwanza walituambia ni mtoto wa jicho, tusubiri akue kidogo. Tukasubiri miezi minne. Kumbe ilikuwa retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata hasa watoto wa chini ya miaka mitano, na tulipofika kwa bingwa jicho lilikuwa halina tena cha kuokoa. Ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto, mpeleke kwa daktari bingwa wa macho wiki hiyo hiyo, na ndugu zake nao wakapimwe, kwa kuwa wakati mwingine ugonjwa huu ni wa kurithi.

Leo lakini naongea na mzazi ambaye ameshaambiwa, "Jicho litolewe." Fomu iko mezani, kalamu mkononi, na husikii unachoelezwa.

Mimi nilijua watatoa jicho, halafu baadaye watamwekea la bandia, basi. Sikujua kwamba jicho la bandia ni ganda tu linalokaa mbele, chini ya kope. Nyuma yake, ndani ya tundu, panahitajika kitu cha kujaza pengo: tufe, mfano wa goroli kubwa, kwa kawaida la milimita 18 hadi 22. Huwekwa siku ile ile ya upasuaji. Misuli iliyokuwa ikizungusha jicho hushonewa hapo, kisha tufe linafunikwa kabisa, hulioni tena. Kwa sababu ya misuli hiyo, jicho la bandia nalo husogea kidogo mtoto akigeuza macho.

Mtu mzima akikosa tufe, jicho hudumbukia. Kwa mtoto ni zaidi ya hapo, maana mfupa wa tundu hukua kwa kufuata kilichomo ndani yake. Likikaa tupu, upande ule wa uso hudumaa huku wa pili ukiendelea. Daktari alinichorea nyuma ya kadi ya kliniki: jicho la mtoto mchanga milimita 17 hivi, la mtu mzima 24, na sehemu kubwa ya ukuaji huo ni miaka miwili mitatu ya mwanzo. Kadi ile ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo uliza: "Mtaweka tufe siku hiyo hiyo? La ukubwa gani?" Ukijibiwa hapana, uliza sababu. Zipo sababu za haki, mathalani saratani ikiwa imeshatoka nje ya jicho. Na kama mwanao alishatolewa jicho zamani bila kuwekewa kitu, usikate tamaa, tufe linaweza kuwekwa baadaye.

Kuhusu aina, yapo ya silikoni na ya akriliki, yaani plastiki ngumu, yapo yenye vitundu ambamo mishipa ya damu hupenya, mengine yakitokana na matumbawe ya baharini. Watoto wengine huwekewa mafuta na ngozi vilivyokatwa makalioni mwao wenyewe, na pandikizi hilo huweza kukua pamoja nao. Wengi wetu hupata kilichopo hospitalini. La binti yangu ni la akriliki la kawaida, na halijatusumbua.

Baada ya upasuaji utaona ndani ya kope kiplastiki chembamba chenye tundu. Kazi yake ni kushikilia nafasi mpaka kidonda kipone. Cha kwetu kilidondoka usiku wa nne, nikakikuta kwenye shuka, nikapiga yowe nikidhani tufe limetoka. Kikidondoka, kioshe, kihifadhi, urudi hospitali mapema, kwa sababu kikikosekana muda mrefu tundu husinyaa na jicho la bandia halitakaa.

Jicho lenyewe tulilipata wiki ya saba. Fundi alimkalisha karibu na dirisha, akawa anachanganya rangi huku akilitazama jicho lake zima, kisha akabandika nyuzi nyekundu nyembamba kama utando wa buibui ziwe mishipa ya damu. Nililia pale pale.

Matunzo si magumu. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Spiriti usiiguse, inaharibu akriliki ya jicho la bandia. Usilitoe kila siku kama hujaelekezwa. Matongotongo kidogo ni kawaida, ila yakizidi, yakiwa na damu au harufu, au ukiona weupe mgumu pale nyuma, rudi haraka: huenda tufe linachungulia. Mtoto akikua jicho hubana au huacha mwanya, lipanuliwe au atengenezewe jingine. Sisi tumeshabadilisha mara mbili. Jicho lililobaki ndilo la kulinda kuliko vyote. Binti yangu huvaa miwani ya polikabonati isiyovunjika ovyo, hata kama haina namba.

La zamani hatukulitupa. Alipoanza chekechea nililiweka kwenye kikopo, nikampelekea mwalimu liwe la akiba. Niliogopa atashtuka. Alilipokea kiganjani, akaligeuza taratibu, akaniuliza, "Mama, likimtoka darasani nianze na lipi, kuliosha au kukupigia?"