Nahau za Kiingereza zenye miguu

Dada wa Tukuyu, umeuliza binti yako wa kidato cha pili afanyeje na nahau za Kiingereza zinazotaja miguu, maana anazitafsiri neno kwa neno. Asikariri orodha, kila nahau aipe mtu na tukio. Bwana harusi keshatoa mahari, siku zimekaribia, woga unamwingia anataka kughairi: huyo ana "cold feet", na baridi ya kwenu haimo kabisa. Baba akisema shamba la chai haliuzwi, basi, hapo "he has put his foot down". "Foot the bill" ni kulipia gharama. Kuna na "follow in someone's footsteps": nyayo za mtu tunazifuata hata sisi kwa Kiswahili, hiyo haitamsumbua. Awe makini na "pull someone's leg": ni kumtania mtu, wala si kumwangusha.