Njoo Ijumaa, bado vifungo tu

Swali lenu la wiki hii linauliza ni jambo gani dogo la kila siku linalomkuza Mkristo kitabia kuliko watu wanavyodhani. Najua wengi watawaandikia uvumilivu, kusamehe, kufunga mdomo ukichokozwa, na sibishani nao hata kidogo. Ila mi jibu langu ni la barazani kabisa: kumtajia mtu siku ya kweli.

Mi ni fundi cherehani, nashonea kwenye baraza la duka la vitambaa hapa Moshi mjini, kwahiyo najua mshaanza kucheka. Hakuna mtu nchi hii asiye na kesi na fundi. Unapeleka kitenge chako, unapimwa kifua kiuno nyonga, unatoa advansi, unaambiwa njoo Ijumaa, Ijumaa unafika unaambiwa dada'angu vimebaki vifungo tu pita jioni, jioni fundi hayupo kaenda msibani, Jumatatu ovaloki imeharibika, Jumatano umeme ulikatika, na anakwambia umeme ulikatika huku kakalia cherehani ya kukanyaga kwa mguu ambayo haijawahi kuonja umeme tangu itoke kiwandani. Na ukichungulia vizuri kitenge chako kiko palepale kwenye mfuko uliokuja nao, hakijaguswa hata na chaki.

Sasa huyo fundi Jumapili unaweza kumkuta anaongoza sifa na machozi yanamtoka, na machozi ni ya kweli. Siwezi kumwita mnafiki maana hajioni kama mwongo kabisa. Muulize kuhusu uongo atakwambia ni dhambi, atakutajia na mstari. Ila "njoo Ijumaa" kwake haimo kwenye hesabu ya uongo, hiyo ni lugha ya kazi tu, kama vile kumkaribisha mteja kiti. Na mteja naye anaijua hiyo lugha, ndo maana kama harusi ni tarehe 20 anamwambia fundi harusi ni tarehe 10. Yaani tumefika mahali Wakristo wawili wanadanganyana kwa makubaliano na wakiachana wanaagana Mungu akubariki.

Kazi nilifundishwa na mama mmoja, jina naliacha maana hapendi kusemwasemwa, msharika wa Kilutheri, mshonaji wa magauni ya kipaimara na sare za kwaya. Hakuwa mtu wa kuhubiri kazini, redio yake yenyewe ilikuwa ya taarifa ya habari na mpira. Alichokuwa nacho ni daftari la kaunta, lile gumu refu, kila ukurasa kaupigia mistari kwa rula, kila siku ina mistari yake michache, na mistari ikijaa imejaa. Kila nguo ina jina limeandikwa kwenye kikaratasi kimebanwa na pini, na jina hilohilo liko kwenye daftari na tarehe yake.

Sasa kwa asiyeijua Desemba ya Moshi, Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza, Dodoma, kila kona, mji unajaa magari hadi hupiti, na kila mtu anataka avae kipya Krismasi. Kwa fundi ndo mavuno yenyewe. Fundi anayejiita mjanja anapokea kila kinachoingia, anakusanya advansi, halafu kuanzia tarehe 23 simu yake haipatikani. Yule mama mistari ikijaa anafunga. Kuna siku kaja dada mmoja na kitenge pea nzima, kile cha bei kabisa, hela kashika mkononi.

"Shikamoo mama. Hiki nakitaka kabla ya Krismasi, bei sema wewe."

Mama akaitikia marahaba, akafungua daftari mbele yake, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. "Mwanangu, mi nafasi ninayo tarehe 8 Januari. Nikikutajia siku ya kabla ya hapo nakudanganya."

"Jamani mama, si unibane tu hapo katikati?"

"Nikikubana wewe, huyu hapa atakaa bila nguo, na ashalipa."

Yule dada akacheka, akakunja kitenge chake, akavuka barabara, kwa fundi wa ng'ambo akapokelewa kwa mikono miwili, njoo tarehe 22. Sisi wanafunzi tulinuna kwelikweli, mmoja wetu akanong'ona kwamba huu ulokole utatuua na njaa. Mama alisikia, akaendelea kukanyaga cherehani.

Nilichokuja kukiona pale ni kwamba hiyo siku ya kweli haiji peke yake. 2 Petro 1 mstari wa 5 hadi wa 7 kuna ule mlolongo tunaokaririshwa, kwenye imani tieni wema, kwenye wema maarifa, halafu kiasi, saburi, utauwa, upendano wa ndugu, mwisho upendo. Watu tunausoma kama majina tu yamepangwa. Kaa barazani wiki moja uuone unavyofanya kazi. Ili umtajie mtu tarehe ya kweli inabidi kwanza ujue mikono yako inatoa nguo ngapi kwa siku, kweli kweli na sio kwa kukisia, na mafundi wengi hatujui, kwahiyo hapo unahitaji maarifa. Ukishajua inabidi ukubali hela nyingine ikupite mbele ya macho, na hicho ndo kiasi. Ikishapita unakaa Desemba nzima unamtazama jirani alivyojaza watu, unahitaji saburi, na ile saburi ni chungu jamani msidanganyane. Na ukishaanza kumwona mteja kama mtu atakayesimama kwenye sherehe ya mwanae bila gauni, badala ya kumwona kama advansi inayotembea, basi upendano wa ndugu ushaanza kukuingia bila kwenda semina yoyote. Na Petro anatanguliza kusema tujitahidi, tena sana, kwa upande wetu. Hasemi tukae tukisubiri kuombewa tabia.

Maana uongo wa fundi hauanzii mdomoni. Unaanzia kwenye kupokea hela ya kazi ambayo hauna nafasi nayo. Ukishaipokea na ukishaila, kilichobaki ni kudanganya tu, hata ungekuwa mchungaji. Kwahiyo anayetaka kuacha uongo akianza kupambana na ulimi atahangaika miaka, aanze na tamaa, aanze na pale hela inaponyooshwa na mkono unawasha. Na kuna kingine tusichopenda kukisema, kwetu kumkatalia mtu usoni inaonekana ukorofi, tunaona afadhali tumpe ndiyo ya adabu aondoke na furaha yake, akija kuumia ataumia siku nyingine na sisi tutakuwa na maneno ya kumpoza. Yesu kwenye Mathayo 5:37 anasema maneno yenu yawe ndiyo, ndiyo, siyo, siyo. Ile siyo ndo inayotushinda Waswahili. Ndiyo tunazo nyingi mno.

Halafu kuna hii ya "Mungu akipenda". Mnisamehe ila nitaisema. Yakobo 4 anatufundisha tuseme Bwana akipenda tutaishi na kufanya hivi au hivi, na ni neno la unyenyekevu, mtu anakiri kesho siyo yake. Sisi mafundi tumelifanya mlango wa nyuma. "Mungu akipenda Ijumaa utaikuta", wakati unajua kabisa Ijumaa haiwezekani hata Mungu akipenda vipi, maana hujakata hata kitambaa, halafu Ijumaa ikifika mteja abaki na maswali na Mungu. Yule mama alikuwa anasema Mungu akipenda kwa kitu ambacho yeye upande wake ashakimaliza kukipanga. Ukimsikia kasema hivyo jua mstari wako upo kwenye daftari.

Wanaosema haya mambo ni madogo, ya kidunia, nawaambia waende kwa Paulo, ambaye ni fundi mwenzetu. Matendo 18:3, alikaa Korintho kwa Akila na Prisila kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, kushona mahema. Na ni Wakorintho haohao waliokuja kumlalamikia kwamba alipanga kupita kwao na hakupita. Isomeni 2 Wakorintho 1 kuanzia mstari wa 15, utafikiri umesimama barazani unasikiliza fundi na mteja. Anawauliza, je, nilitumia kigeugeu? Anawaambia neno letu kwenu si ndiyo na siyo. Huyu mtu kanisa la pale kalianzisha yeye, angeweza kabisa kuwaambia mi ni mtume, niacheni na ratiba zangu, lakini anakaa chini anatoa maelezo, kwamba hakuja kwa sababu alikuwa anawahurumia. Na katikati ya maelezo hayohayo anaingiza ahadi za Mungu, kwamba zote katika Kristo ni ndiyo. Ratiba ya safari yake na uaminifu wa Mungu kaviweka pamoja, mistari michache tu imeachana! Mi nikifika hapo huwa nasimama kidogo. Ina maana alijua kwamba watu wakishaona ndiyo yake haina uzito, na ile ndiyo anayoihubiri wataishikashika kwanza kabla ya kuiamini.

Na hapo kuna somo la pili, maana kuna siku mambo yanaharibika kweli. Mtoto analazwa, mashine inakufa, msiba unatokea, fundi siyo malaika. Mama kwa hilo alikuwa na utaratibu wake: taarifa inatoka kabla ya siku yenyewe. Akiona mambo hayaendi anakupigia mapema, anakwambia nguo yako haitawahi, ukitaka njoo uchukue kitambaa na hela yako umpelekee mwingine. Hakusubiri mtu apande daladala kutoka Marangu aje kuambiwa pole mlangoni. Nauli ya mtu na yenyewe ni mali yake, ukimfanya aje bure umemlia.

Mabaki nayo sitayasemea sana, mafundi mnaelewa. Mteja analeta kitambaa cha kutosha, gauni likiisha kinabaki kipande kizuri tu, na mtaani inahesabika ni cha fundi. Mama alikuwa anakikunja anakifunga kwa uzi anakirudisha pamoja na gauni, na nimeshaona wateja wameshangaa kama wamepewa zawadi, wakati ni kitu chao wenyewe.

Mkitegemea nimalizie kwamba Mungu alimbariki mara saba akafungua duka kubwa, hapana. Huo ushuhuda sina. Kuna wateja walienda ng'ambo ya barabara hawakurudi mpaka leo, pamoja na kwamba kule wanadanganywa, wengine wanapenda kuambiwa ndiyo kuliko kupata nguo. Kuna waliorudi Januari wakiwa wanyonge na gauni limekatwa vibaya wanaomba lirekebishwe. Alishona, alilipa kodi ya baraza, alisomesha. Alichopata cha ziada ni kwamba jirani yetu wa upande wa pili, fundi Mwislamu, ambaye vita yake kubwa ni ya wiki za kuelekea Idi, mteja akimzidia alikuwa anasema hadharani nenda kwa yule mama, akikwambia Jumanne ni Jumanne. Spika za mkutano wa injili zilikuwa zinapiga uwanjani wiki nzima na sikumsikia akisema lolote kuhusu zile spika.

Kanisani nako tujisemee kidogo maana tunachangia. Ahadi ya jengo inaandikwa kwenye bahasha, ina namba, ina mtunza hazina anayeifuatilia na usipotimiza jina lako litajulikana. Ahadi ya gauni la mjane hakuna anayeifuatilia. Tunamsoma Dorkasi wa Yafa, Matendo 9, wajane wamesimama wanalia wanamwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea, tunasifia ukarimu wake na ni sawa, ila mi kama fundi naona na kitu kingine, zile nguo zilikuwa zimeisha, ziko mikononi mwao. Na kwaya, jamani kwaya! Mnakaa vikao vya rangi miezi miwili, zambarau au dhahabu, kitambaa kinanunuliwa Jumatano, uzinduzi Jumapili, watu 30, halafu mwenyekiti anakuja anasema fundi tunakutegemea hii ni kazi ya Bwana. Hapo mnamlazimisha mtu adanganye ili muimbe kuhusu kweli. Wateja binafsi nao, unaniambia nguo nitachukua Jumatano, nakesha naimaliza, inaning'inia ukutani hadi jua linapausha bega moja na balansi yangu haionekani. Siku ya kweli ni ya pande zote mbili.

Kwahiyo hilo ndo jibu langu, na kwa kuwa nimepewa nafasi niitumie vizuri: wanakwaya wa Moshi mnaotaka sare za Pasaka, kitambaa kije kabla ya Jumatano ya Majivu, na vipimo mje kupimwa wenyewe sio kutumana kwenye WhatsApp. Kikija wiki ya Mitende nitawaonyesha daftari, na mtavuka barabara.