Kababu mlizoziona pichani, na tunachokula siku nyingine

Ndugu zangu wa Unguja mmeniuliza, baada ya kuiona ile picha ya sinia ya kababu, kama ni kweli kwamba huku Sharjah, katika Falme za Kiarabu, tunakula nyama kila siku. Kwa kuwa wapo wadogo zangu wanaopanga safari kwa kuiamini picha hiyo, nitajibu bila kuficha.

Kababu zile huitwa chapli, nazo ni chakula cha Wapashtuni wa Peshawar, huko Pakistan, na wa mashariki ya Afghanistan, ambao wamejaa Imarati hii wakiendesha malori na kujenga majumba. Si kama kababu zetu za kuviringa. Mpishi huchukua nyama ya ng'ombe ya kusaga isiyoondolewa shahamu, akaichanganya na vitunguu, nyanya, pilipili mbichi, bizari nyembamba, mbegu za giligilani zilizopondwa nusunusu, punje kavu za komamanga zinazotia ukali, na unga kidogo wa mahindi wa kuishikanisha. Kisha hulibamiza donge kwa kiganja mpaka liwe pana kama kisahani, akalibandika kipande cha nyanya na kulitelezesha kwenye kikaango kikubwa cha chuma chenye mafuta ya ng'ombe yanayochemka. Ukingo hukauka ukalia unapotafunwa, na katikati hubaki laini. Huliwa kwa naan, ambayo ni jamaa wa karibu wa mkate wetu wa ajemi, kisha hushushiwa chai ya kijani yenye iliki. Ni tamu, sitawadanganya.

Lakini sinia ile tuliichangia chumba kizima, siku ya mapumziko, mishahara ilipoingia. Siku nyingine ni wali na dengu, au mkate na chai, kwa sababu kodi ya kitanda na deni la wakala aliyenitafutia kazi hutangulia, kisha hufuata fedha ninazowatumia, na tumbo hupewa kinachosalia. Sheria ya kazi ya hapa ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Deni langu, hata hivyo, lilianzia huko huko nyumbani, kwa wakala huyo aliyeniahidi chakula cha bure ambacho hakimo katika mkataba. Kwa hiyo anayetaka kuja asome kwanza kifungu cha chakula na malazi, na kama hakipo, aombe kiandikwe kabla ya kutia saini.