Pesa za kujaribisha akili mnemba kwenye komini: jibu refu kwa vijana wa Lubumbashi

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama nyinyi mnaomaliza masomo ya informatika pale chuo cha Salama mnaweza kuomba zile pesa za Umoja wa Ulaya za kujaribisha, katika ofisi za serikali, akili mnemba inayotunga maandishi. Pili, kama haiwezekani, pesa zitoke wapi ili komini moja (sehemu ya mji yenye utawala wake) hapa Lubumbashi ipate msaidizi wa akili mnemba wa kujibu maswali ya watu kuhusu hati. La kwanza nitalimaliza upesi. La pili nitakaa nalo, kwa sababu nimeandika dosiye, yaani faili za maombi, za kuomba pesa za namna hiyo, na nimekaa pia kwenye biro ya etasivili, ofisi ya kuandikisha vizazi na ndoa, tukijaribisha kitu kinachofanana na chenu.

Ule mwito wa kuomba pesa za Ulaya ulifunguliwa mwaka 2025 chini ya programu ya Umoja huo iitwayo Digital Europe. Pesa zake ni za nchi za Umoja wa Ulaya na nchi nyingine zilizotia saini kushiriki katika programu hiyo. Kongo haimo. Pesa za Ulaya zinazokuja kwetu hupitia mfuko mwingine, Global Europe, na kwa sehemu kubwa hufuata vipaumbele vilivyokubaliwa na Kinshasa. Basi msimalize nguvu zenu hapo. Ila kuna sharti moja nawaomba mlisome vizuri: kwa miradi yake mingi, Digital Europe hulipa nusu tu ya gharama. Nusu nyingine wanaitafuta wenye mradi. Hata kule, ofisi inayotaka kujaribu kitu kipya hutia mkono mfukoni. Hapa kwetu tumezoea mfadhili alipe kila kitu hadi karatasi za printa, na siku anapofunga dosiye yake kompyuta inafunikwa kitambaa.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta nani atatoa pesa za kuanza, tafuteni nani atalipa mwezi wa kwanza baada ya mradi kwisha. Akipatikana huyo, mfadhili wa kuanza anapatikana kwa urahisi zaidi, maana anaona pesa yake haitaanguka kwenye shimo. Asipopatikana, hata mkipewa pesa nyingi mtakuwa mmewafundisha watu kutegemea kitu kitakachozimwa. Hili silisemi kwa nadharia. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake mnamo Januari, na tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi. Miradi iliyokuwa imesimama kwa mguu huo mmoja ilikatika katikati ya kazi, na waliokuwa wakiitegemea hawakupewa hata muda wa kujipanga. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wamepita pagumu zaidi: mwanzoni mwa mwaka 2025 miji hiyo iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na Goma benki zikafungwa. Mwenye mradi kule anaweza kuwa na pesa iliyoidhinishwa na bado asiwe na njia ya kumlipa mtu wa kazi.

Sasa pesa za hapa kwetu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% eneo ambamo mgodi unachimbwa, iwe komini, sekta au eneo la chifu, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15% ndiyo ningeitazama kwanza. Ni pesa inayoingia mwaka hadi mwaka, na inapita katika bajeti ambayo bugumestre, mkuu wa komini, mwenyewe anaisimamia. Lakini si kila komini inaipata. Komini ya Kamalondo, kwa mfano, haina mgodi. Kama komini mliyochagua haina, mtabaki na ushuru wake wa kawaida, ule wa masoko na hati, na hapo mradi wenu inabidi uwe mdogo tangu mwanzo. Mimi ningechagua komini kwa kuangalia hilo kabla ya kuangalia ni mkubwa gani mnafahamiana naye.

Kuna pia ile 0.3% ya mauzo ambayo kila kampuni ya madini lazima iiweke kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Wengi watawaambia muombe huko. Mimi nasema hapana. Watu wanaoishi karibu na mashimo wanadai maji, zahanati na shule, na wana haki. Ukienda kwenye kikao chao kuomba sehemu ya pesa hiyo kwa ajili ya kompyuta inayojibu maswali, unawanyang'anya.

Mkishapata mahali pa kuomba, kazi inayofuata ni bajeti yenyewe, na hapa ndipo vijana wengi wa informatika hupanga mambo kichwa chini miguu juu. Wanaandika mistari kumi ya seva, leseni na kompyuta, halafu mstari mmoja wa "mafunzo". Modeli yenyewe, yaani ile programu ya akili mnemba inayotunga majibu, ndicho kitu cha bei ndogo. Modeli ndogo zinazokodishwa kupitia intaneti hulipiwa chini ya dola moja kwa tokeni (vipande vya maneno) milioni moja za kusoma. Ni kweli Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza, kwa hiyo ujumbe uleule wetu unalipiwa zaidi, lakini hata ukizidisha mara mbili au tatu, maswali ya komini moja hayataizidi gharama ya bando za simu na mafuta ya jenereta siku SNEL, shirika la umeme, wanapokata.

Pesa kubwa iende kwenye maandishi ambayo msaidizi atayasoma. Nawapa mfano mmoja, kwa sababu huo ndio uliotushughulisha kuliko yote. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilisema mtoto aandikishwe ndani ya siku 30. Ilirekebishwa mwaka 2016 na sasa ni siku 90. Ndani ya muda huo kuandikisha ni bure. Baada ya hapo inabidi kupitia mahakamani kupata hukumu. Maandishi yote mawili, la zamani na jipya, yako kwenye intaneti. Modeli ukiiuliza bila kuipa andiko lililo sahihi, inaweza kukujibu siku 30 kwa lugha nzuri kabisa isiyo na wasiwasi. Mama mwenye mtoto wa miezi miwili akiambiwa hivyo, anarudi nyumbani akijua amechelewa, na anakaa mpaka anachelewa kweli. Hapo tumemwumiza kwa pesa ya msaada.

Tena sheria za nchi ndizo rahisi. Shida kubwa ni bei na taratibu za komini yenyewe. Katika komini tuliyokuwa nayo, bei za hati zilikuwa kwenye karatasi zilizobandikwa ukutani, nyingine ndani ya barua za jimbo, nyingine vichwani mwa watu wa gishe, yaani makarani wa dirisha la kuhudumia watu. Hati moja, biro mbili, bei mbili. Hakuna modeli duniani itakayokuambia ipi ni ya kweli. Tulichofanya ni kukaa na wakuu wa huduma, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikapatikana orodha moja ambayo bugumestre aliisoma, akaisahihisha, akatia saini na muhuri. Kazi hiyo ilikula muda mrefu kuliko programu yote, na haikuwa na mstari wake kwenye bajeti. Ililipwa kwa kubanabana mistari mingine. Wekeni mstari wake. Uwe mkubwa. Mfadhili akiuliza kwa nini mradi wa akili mnemba unalipa watu kukusanya karatasi, mwambieni habari ya New York: mji ule, wenye mawakili na pesa kuliko nchi yetu nzima, ulifungua msaidizi wake wa akili mnemba kwa wafanyabiashara mnamo Oktoba 2023, na ilipofika Machi 2024 waandishi wa The Markup walionyesha alikuwa anawaambia waajiri kwamba wanaweza kuchukua bahashishi za wafanyakazi wao. Sheria inakataza jambo hilo. Yeye alilijibu kwa uhakika.

Kwa sababu hiyo sisi tulianza na msaidizi wa mtu wa gishe, si wa mwananchi moja kwa moja. Anayeuliza ni karani. Jibu linakuja na kifungu chenyewe pamoja na orodha iliyotiwa saini. Karani anasoma, anahakikisha, ndipo anamwambia mama aliye mbele yake. Nawashauri vivyo hivyo kwa mwaka wa kwanza. Kosa likitokea, linamkuta mtu anayeweza kulikamata.

Na karani huyo alipwe. Naomba mnisikie vizuri hapa. Watu wa gishe wengi mshahara wao ni mdogo na unachelewa, na mahali pengine pengo hilo linazibwa na pesa ndogondogo ambazo mwananchi anatoa kwa sababu hajui bei ya kweli. Ukileta chombo kinachotaja bei ya kweli, unagusa chakula cha mtu. Asiposhirikishwa, chombo kitaharibika: mara intaneti haipo, mara chaji imeisha, mara "mama, urudie kesho, mukubwa haiko." Simlaumu karani. Nasema posho ya kuhakiki majibu iandikwe kwenye bajeti kama kazi halali, kwa jina la kazi, na tangu siku ya kwanza ijulikane italipwa na nani mradi ukiisha. Tulipofanya hivyo, makarani wenyewe ndio waliotuonyesha maswali ambayo watu wanauliza kweli. Mengi yalikuwa ya mirathi, ya vyeti vya ndoa za kimila, ya watoto waliozaliwa mgodini na kuletwa mjini bila karatasi yoyote. Kwenye dosiye yetu ya kwanza hayo hayakuwamo hata kidogo.

Jambo la kadi nalitaja kwa sababu hakuna anayelitaja. Kampuni za modeli zinataka kadi ya benki, zinakata kwa dola, na kiasi kinabadilika kila mwezi. Mhasibu wa komini analipa kwa faktura (ankara), kwa faranga, kwa mstari uliokwisha kupitishwa. Hizi njia mbili hazikutani. Kadi ikiwa ya kijana mmoja wa kikundi, siku akisafiri kwenda Kolwezi kutafuta maisha, huduma inakufa. Tafuteni mapema taasisi ya hapa, chuo au kampuni ndogo yenye karatasi zake, iuze huduma kwa komini kwa faktura ya kila robo mwaka na yenyewe ibebe kadi. Ikiwa komini itanunua kwa pesa yake, sheria ya manunuzi ya umma ya mwaka 2010 inahusika, na kukata soko vipandevipande ili kukwepa utaratibu ni kosa.

Kuhusu data za watu: sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu nzima juu ya data binafsi. Majina na tarehe za kuzaliwa zisiingie kwenye modeli iliyo ng'ambo. Kwa kujibu maswali ya utaratibu hamzihitaji hata kidogo.

Kipimo je? Wafadhili watataka "muda uliookolewa". Pennsylvania, Marekani, waliwapa ChatGPT wafanyakazi 175 wa serikali ya jimbo, na ripoti ya mwaka 2025 ikasema wameokoa kwa wastani dakika 95 kwa siku wanayoitumia. Uingereza wakajaribu Copilot, msaidizi wa akili mnemba wa Microsoft, kwa watumishi 20,000, wakatangaza dakika 26 kwa siku. Lakini wizara yao ya biashara, iliyofanya jaribio lake lenye leseni 1,000, haikupata ushahidi kwamba tija imeongezeka. Hizo dakika ni wafanyakazi wenyewe waliozikadiria. Kwenye komini yetu, dakika za karani si kitu cha kumlilia mtu; karani ana muda. Anayepoteza ni mama anayetoka mtaa wa Katuba kwa taksibasi, anafika, anaambiwa kuna karatasi inapungua, anarudi. Pimeni hilo: amekuja mara ngapi mpaka akapata hati, na amelipa jumla kiasi gani. Ulizeni mlangoni kabla ya kuwasha chombo, mkaulize tena baadaye kwa daftari lilelile. Ni kipimo cha bei ndogo, na bugumestre anakielewa bila kueleweshwa.

Juu ya vokali, yaani ujumbe wa sauti: mmeandika kwamba mnataka watu watume vokali za WhatsApp kwa Kiswahili chetu. Wazo ni zuri, na wengi watafurahi kuliko kuandika. Msiliweke kwenye awamu ya kwanza. Mashine za kusikia sauti zimefundishwa zaidi Kiswahili cha pwani, na mtu wa komini zetu za Kenya au Ruashi hapa Lubumbashi akichanganya Kiswahili, Kifaransa na kidogo Kibemba katika sentensi moja, zinakosea jina la hati yenyewe. Ombeni pesa za kurekodi sauti, kwa ridhaa ya watu na malipo kwao, kama mradi wa pembeni pamoja na UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Mwisho ni kalenda. Msiombe miezi 12, ombeni 18, na muanze mapema katika mwaka. Bajeti ya komini inaandaliwa mwaka ukielekea mwisho. Mkianza Januari au Februari, mtakuwa na majibu ya daftari la mlangoni mkononi wakati bugumestre anaandika makadirio yake, na ile miezi sita ya ziada itakuwa inaendelea kulipwa na mfadhili huku mstari wa komini ukianza kufanya kazi, hata kama ni mdogo. Andikeni mkataba na bugumestre unaosema mstari huo utakuwapo, na muutie kama kiambatisho cha kwanza cha dosiye, mbele ya maelezo ya programu. Mkishauandika, nitumieni nakala niusome kabla hamjaupeleka.