Maswali na Majibu: Ishara za Seli, na Nani Anazizima

Shikamoo mwalimu. Naomba orodha ya njia zote za ishara za seli nizikariri kabla ya mtihani. (Kidato cha sita, Morogoro)

Marahaba. Ombi hili naletewa kila muhula, na kila muhula nalikataa. Anayekariri majina ya protini kumi kwa mfuatano huyaacha mlangoni mwa chumba cha mtihani. Kila njia utakayokutana nayo iulize mambo matatu: nani amepokea ujumbe, nani ameupeleka ndani, nani ameuzima. Hilo la tatu walimu wengi tunaliruka, na magonjwa mengi yamejificha hapo.

Chukua adrenalini. Ukikurupushwa na mbwa, ini lako linamwaga sukari kwenye damu. Miaka ya 1950 huko Marekani, Earl Sutherland alisaga ini, akatenga vipande vya utando wa seli na majimaji yake. Majimaji peke yake hayakuitikia homoni. Akaweka homoni kwenye vile vipande vya utando, akavichemsha, kisha akatia kilichopatikana kwenye majimaji. Kimeng'enya cha kuvunja glaikojeni, sukari iliyowekwa akiba kwenye ini, kikaamka. Kumbe homoni ilipiga hodi tu. Aliyeingia ndani ni mjumbe mwingine, molekuli ndogo isiyoharibika kwa moto. Ndiyo saikliki AMP, iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Anayeizima ni kimeng'enya cha fosfodiesterasi, kinachoikata. Usipomtaja huyo kwenye jibu lako, umesimulia nusu ya habari.

Je, lazima homoni iingie ndani ya seli? (Mombasa)

Si lazima. Adrenalini na insulini hufikisha ujumbe zikiwa nje. Kotisoli na homoni za tezi ya shingo huingia.

Mwalimu, tumefundishwa kwamba bakteria wa kipindupindu hatoboi utumbo. Sasa maji yote yale yanatoka wapi? (Mwanafunzi wa uuguzi, Kigoma)

Natamani kila darasa lingeuliza hivi. Bakteria anabaki nje, ila sumu yake inaingia. Mwaka 1959 Sambhu Nath De, akiwa Kolkata, alionyesha kwamba majimaji yaliyochujwa bakteria yanatosha kuufanya utumbo wa sungura ujae maji.

Ndani ya seli ya utumbo kuna protini G. Ikishika GTP, molekuli ndogo yenye nishati, imewaka. Ikiikata GTP kuwa GDP imezimika. Ni swichi inayojizima yenyewe baada ya muda mfupi. Sumu ya kipindupindu inabandika kipande cha molekuli mahali pale pale pa kuzimia. Swichi inabaki imewaka, saikliki AMP inafurika, milango ya kloridi inafunguka, chumvi inatoka na maji yanaifuata. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza lita moja kwa saa, na choo chake kinafanana na maji yaliyooshewa mchele. Hakuna kilichochanika mle ndani.

Sasa shika hili, maana ndilo la wodini. Sumu haigusi mlango mwingine, ule unaoingiza glukosi pamoja na sodiamu. Ndiyo sababu ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji ya kunywa mtu anapohara, ina sukari: sukari inaivuta chumvi, chumvi inavuta maji. Maji matupu hayatoshi, na soda ina sukari nyingi kupita kiasi, inazidisha kuhara. Mzazi anayemnyima mtoto kinywaji "ili kuhara kukatike" anamuua bila kujua. Mwambieni hivyo kwa upole, lakini mwambieni. Aliyezidiwa anahitaji dripu mara moja. Seli zile zilizoshikwa na sumu hubanduka na kuota nyingine ndani ya siku chache. Kazi yenu ni kumfikisha mgonjwa hapo akiwa hai.

Kahawa inaongeza nguvu? (Tanga)

Hapana. Kafeini iliyo kwenye kahawa inakalia vipokezi (protini za seli zinazopokea ujumbe) vya adenosini, ishara ya uchovu inakosa pa kukaa. Uchovu wenyewe uko palepale. Dereva wa usiku, egesha gari ulale.

Mama ana kisukari. Ameuziwa unga wa "kufungua seli" na kuambiwa aache insulini. (Dodoma)

Asiache hata siku moja. Wauzaji hawa wanaokota nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba katika aina ya pili seli haziisikii insulini vizuri: kipokezi kipo, homoni ipo, ujumbe unafifia ndani, na milango ya sukari haipandi kwenye utando wa misuli. Vinavyosaidia vinajulikana: kutembea, kupunguza uzito, vidonge vya metformini, na sindano ya insulini daktari akiona inahitajika. Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini, damu yake inajaa asidi na anaweza kufa ndani ya siku chache. Unga huo upelekeni kliniki, daktari auone.

Nina pumu. Zamani nilipuliza pampu ya bluu mara mbili ikatosha. Sasa nashinda nayo. (Nakuru)

Swali lako lilistahili kuwa la kwanza. Nenda hospitali wiki hii. Na ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, nenda sasa hivi.

Salbutamoli, dawa iliyo kwenye pampu yako ya bluu, inapiga hodi kwenye kipokezi cha adrenalini na kupandisha saikliki AMP, ile ile. Kwenye ini ina maana ya "toa sukari", kwenye utumbo "mwaga maji", kwenye misuli ya njia ya hewa "legea". Maana iko kwenye seli inayosikia. Ikipigiwa hodi kutwa, seli inabandika fosfati kwenye kipokezi, kisha inakivuta ndani, na ujumbe unafifia. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipata Nobel mwaka 2012 kwa kuchunguza jamii hii ya vipokezi.

Ila kubwa zaidi ni kwamba pampu hiyo inalegeza misuli tu. Uvimbe ulio kwenye njia za hewa hauguswi. Unahitaji pampu ya steroidi pia, na tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri kutegemea salbutamoli pekee. Beba pampu yako ya bluu, umwambie daktari jana umepuliza mara ngapi.