Kuigeuza riwaya ya majaribio kuwa uhuishaji wa kolaji: kwa mnaoanza hapa Kigoma

Wadogo zangu, wengi wenu mnakuja na riwaya mkononi mkitaka kuigeuza uhuishaji wa kolaji, yaani filamu ya vipande vya karatasi na vitambaa vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, na swali lenu ni moja: tuanze na tukio gani? Kwa riwaya yenye kisa kinachofuatika, swali hilo lina jibu. Kwa riwaya ya majaribio, ile isiyofuata kisa kilichonyooka, halina. Ukililazimisha, utamaliza gundi na karatasi ukitengeneza vijitu vinavyotembea huku na huko, na msomaji wa kitabu hicho hatakitambua.

Chukueni Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990. Mwandishi huyu mzaliwa wa Ukerewe alikuwa ameshatupa Rosa Mistika mwaka 1971 na Gamba la Nyoka mwaka 1979, riwaya ambazo unaweza kumsimulia mwenzako mkiwa njiani kutoka Ujiji hadi stesheni. Nagona huwezi kuisimulia hivyo. Kuna "mimi" anayesafiri, muda haunyooki, ndoto na uhai havitengani, na wanafikra akina Plato, Marx na Freud wanajitokeza humo kama watu wa kukutana nao. Mzingile, iliyofuata mwaka 1991, ni ya ukoo huohuo. Vitabu vyote viwili ni vyembamba, lakini usidanganyike na wembamba wao.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: acha matukio, hamisha namna kitabu kinavyokwenda. Kisome mara ya kwanza bila kalamu. Ukirudi mara ya pili, andika daftarini mambo matatu tu: kitu gani kinajirudia, wapi mwendo unakaza au unalegea, na wapi mwandishi anakata ghafla bila kukuaga. Hayo ndiyo yanayoweza kuingia kwenye picha dhahania, isiyoonyesha watu wala vitu halisi. Kinachojirudia kinakuwa umbo au rangi, mwendo unakuwa idadi ya picha, na mkato unabaki mkato.

Halafu ipe kila malighafi kazi yake. Hapa Kigoma tuna utajiri ambao watu wa studio kubwa wangeuonea wivu: mabaki ya vitenge kwa mafundi cherehani wa mtaa wa Mwanga, magunia, kalenda za miaka iliyopita, magazeti ya kufungia vitu, mifuko ya saruji. Ukiamua kwamba karatasi ya saruji ndiyo "mimi", basi isiwe mlima kesho na ukuta keshokutwa, labda kitabu chenyewe kikupe sababu. Picha isipokuwa na sura ya mtu, mtazamaji anashikilia sheria kama hiyo. Ukiivunja ovyo, anabaki hana pa kushika.

Karatasi ya saruji nizungumzie kidogo zaidi, maana naipenda. Mifuko mingi ina tabaka zaidi ya moja. Osha vumbi, anika kivulini, kisha zitenganishe tabaka taratibu. Usikate kwa mkasi kila mara. Ichane kwa vidole, ukiivuta kuja kwako, na ukingo utatoa nyuzi laini zenye rangi nyepesi kuliko uso wa karatasi. Ukisogeza kipande hicho milimita mbili mbili chini ya kamera, ukingo unaonekana kama unapumua. Kipande kilichokatwa kwa wembe hakifanyi hivyo; hicho kinafaa pale mwandishi anapokuwa mkali na baridi. Kwa hiyo kabla ya kushika wembe, rudi kwenye ukurasa, usome sentensi kwa sauti, usikie kama inachana au inakata.

Kitenge nacho kina tabia yake. Nyuzi za pembeni zinahama kila ukikigusa, na kwenye filamu zinatetemeka. Kama hutaki mtetemo, paka gundi nyembamba ukingoni, iache ikauke, ndipo ukate.

Na hao akina Marx? Kishawishi ni kutafuta picha ya mzee mwenye ndevu na kuibandika. Msifanye hivyo. Sura maarufu inameza fremu nzima, na mtazamaji anaacha kutazama anaanza kutambua. Mpe kila mwanafikra namna ya kusogea: mmoja aje kwa mistari iliyonyooka inayopanga vingine, mwingine aje kutoka chini ya tabaka na kuinua vilivyo juu yake. Nadhani hapo ndipo heshima kwa kitabu ilipo, kwa sababu riwaya nayo inawaleta kama nguvu za mawazo, haiwaleti kama picha za ukutani.

Meza yetu haina gharama kubwa. Simu kwenye stendi, ikitazama chini. Kioo cha milimita tano kutoka kwa fundi vioo, kingo zisuguliwe zisikate vidole, kikiwa juu ya matofali mawili ili uweze kumulika kwa chini. Ukiongeza kioo cha pili juu yake unapata kina: vipande vya nyuma na vya mbele vinasogea kwa kasi tofauti. Lotte Reiniger wa Ujerumani alitumia vioo vya tabaka namna hii kwenye filamu yake ndefu ya karatasi zilizokatwa, iliyoonyeshwa mwaka 1926, kwa hiyo msione ni njia ya kimaskini. Kuzuia mng'ao, funika simu kwa kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi tu. Funga fokasi, mwanga na rangi kwenye programu ya kamera. Simu ikiachiwa ijiamulie, filamu itapepesa. Tumia taa ya betri, dirisha lizibwe. Jua linasogea, na umeme ukikatika katikati ya kupiga picha utapata picha mbili zisizofanana. Upepo wa kusi ukianza, ziba na mlango.

Hesabu ifanyike kabla ya kukata chochote. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, yaani picha tuli 24 zinazopita mfululizo. Ukipiga picha 12 na kila moja ikae fremu mbili, macho yanaridhika. Dakika tatu basi ni picha 2,160. Ukitumia picha 8 kwa sekunde zinashuka hadi 1,440, na mwendo unakuwa wa kukatikakatika, jambo linalofaa sana sehemu za ndoto. Ndiyo maana nasema rekodi kwanza sauti ya sentensi za kitabu zikisomwa. Sentensi ya sekunde tano inakupa picha 60, na unajua mapema neno gani liangukie picha gani. Usisome ukurasa mzima juu ya picha. Chagua sentensi chache, pengine uachie nafasi mashine za boti za bandari ndogo ya Kibirizi au upepo mtupu.

Kuna picha moja ya kwetu ambayo nawaomba msiikimbilie haraka: taa za wavuvi wa dagaa ziwani usiku wa giza. Ni rahisi kuitengeneza, karatasi nyeusi ikitobolewa kwa sindano na kumulikwa kwa chini, na inapendeza mno. Kwa sababu hiyo kila mgeni anaiweka. Iwekeni pale kitabu kinapodai nuru iliyotawanyika, si kwa sababu tunaishi Kigoma.

Suala la haki lisingoje mwisho. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Kugeuza riwaya kuwa filamu ni haki ya mwenye kazi. Mazoezi ya mezani tunafanya, lakini kabla ya kuonyesha hadharani au kupandisha intaneti, waandikieni wachapishaji na warithi, mkipitia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ikibidi, na mngoje jibu la maandishi. Asiyetaka kungoja aandike kurasa zake mwenyewe za majaribio.

Mkimaliza dakika ya kwanza, mwonyesheni mtu ambaye hajasoma kitabu. Msimweleze kitu. Msimuulize ameelewa nini. Muulizeni ameona nini, kipi kilirudi, wapi alishtuka. Majibu yake yalinganisheni na lile daftari la mambo matatu, na pale yanapopishana ndipo pa kupiga picha upya.