Maswali yenu ya posta na vifurushi, kwa mliohamia Ujerumani

Haya wadau, manesi, wanafunzi, au pair na mliofuata wenza wenu huku, maswali yenu ya siku hizi karibu yote ni ya posta na sishangai. Sisi tumetoka nchi za S.L.P., barua unaifuata mwenyewe posta siku ukijisikia, huku barua inakufuata wewe mpaka mlangoni na ikishaingia kwenye sanduku sheria inakuhesabu umeipata, umefungua hujafungua shauri yako. Nimechagua machache, yanayofanana nimeyaunganisha.

Swali: Kaka, nipo Leipzig nimefikia kwa binamu yangu. Nimefungua akaunti ya benki muda sasa, kadi haijafika, benki wanasema wameshatuma. Shida nini?

Mdogo wangu, shuka chini uangalie jina lililoandikwa kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Ni la binamu peke yake, si ndio? Basi shida ndo hiyo. Nyumba nyingi za ghorofa huku hazitumii namba ya mlango kwenye anwani, mtu wa posta anasoma majina ya ukoo kwenye masanduku pale chini, hajui ghorofa ya tatu anakaa nani, asipoliona jina lako barua anairudisha ilikotoka na hana kosa. Bandika jina lako leo leo, hata kwa karatasi na selotepu, ila kwenye kengele muulizeni kwanza mwenye nyumba manake wengine wanataka vibao vyote vifanane. Na kuanzia sasa kila unapojaza anwani andika jina lako, chini yake c/o (yaani kupitia kwa) na jina la ukoo la binamu, halafu mtaa.

Kingine ni haya majina yetu matatu. Benki wanakuandika kwa la mwisho, chuo wameshika la katikati, mlangoni umebandika lile unaloitwa nyumbani, sasa mtu wa posta atajulia wapi kwamba wote hao ni wewe? Fuata la kwenye pasipoti, na kama sanduku lina nafasi bandika mawili.

Na hii sio ya benki tu. Ukishafanya Anmeldung, yaani kujiandikisha anwani yako ofisi ya mji, ile namba ya kodi yenye tarakimu 11, Steuer-ID, inakuja kwa barua, kadi ya bima ya afya kwa barua, PIN ya kadi ya benki nayo inakuja kwenye bahasha yake peke yake siku nyingine tofauti na kadi. Nchi inatengeneza magari ya kifahari ya dunia nzima lakini yenyewe bado inaendeshwa kwa karatasi, mi nishaacha kulalamika, nimenunua faili.

Swali: Nimeletewa barua ya kudaiwa hela ya redio na TV na mimi hata TV sina. Matapeli hawa?

Sio matapeli dada, ni Rundfunkbeitrag, ada ya redio na TV za umma, euro 18.36 kwa mwezi na wanadai nyumba, haijalishi una TV au huna. Anwani yako wameipata kwa sababu umejiandikisha. Ila inalipwa mara moja kwa nyumba, mkiwa wanne mnaokaa pamoja na mmoja tayari analipa, muombe namba yake ya malipo uwajibu kwa hiyo namba na wewe unatolewa. Mchangieni huyo mwenzenu lakini, msimuachie. Kuitupa hiyo barua ndo ujinga pekee hapo, deni linaongezeka faini taratibu mpaka wanakuja kukata kwenye mshahara.

Swali: Nimekuta bahasha ya njano, imeandikwa tarehe kwa peni, sikumsaini mtu yeyote. Naomba msaada, naogopa kuifungua.

Ifungue sasa hivi, halafu urudi uendelee kusoma.

Bahasha ya njano ni barua rasmi ya mahakama au ofisi ya serikali, na ile tarehe ameiandika mleta barua kuthibitisha siku aliyoitia kwenye sanduku lako. Saini yako haihitajiki. Kuanzia tarehe hiyo siku zako zinahesabiwa, na siku zenyewe ni chache, kwa mfano faini ya barabarani au dai la deni kupitia mahakama una wiki mbili tu za kupinga kwa maandishi. Hata kama hudaiwi kweli, ukikaa kimya zikapita, linakuwa deni halali na mwenye kudai anaweza kukufuata. Kwa hiyo usitupe bahasha, bahasha ndo ushahidi wa tarehe, ibane pamoja na barua. Kama Kijerumani kinakupiga chenga nenda ofisi za ushauri kwa wahamiaji, kina Caritas, Diakonie, AWO, wanasoma barua na wewe na hawatozi hela.

Barua za kawaida za ofisi, zile za bahasha nyeupe, nazo zina hesabu yake, tangu mwaka 2025 barua inahesabika imekufikia siku ya nne baada ya kupostiwa, zamani ilikuwa ya tatu. Ndo maana nawaambia wale mnaoenda likizo nyumbani wiki sita, achieni mtu ufunguo wa sanduku, na awe mtu wa kukupigia picha na kukutumia WhatsApp, sio wa kuzirundika tu mezani.

Swali: Nafanya shifti, mzigo ukija sipo. Nikirudi nakuta kikaratasi, mara wameacha kwa jirani nisiyemjua, mara niende dukani. Nifanyeje?

Jirani mgongee tu, huku ni kawaida kabisa kupokeleana mizigo, beba kikaratasi na kitambulisho, sema danke, na siku ukigongewa wewe upokee ingawa hulazimishwi. Mi naona ndo njia rahisi kuliko zote ya kujuana na majirani wa Kijerumani, maana kwenye ngazi hawakuangalii usoni.

Kama kikaratasi kinasema duka au tawi la posta, una kama wiki moja hivi, ukichelewa mzigo unarudi kwa aliyetuma. Nenda na pasipoti au kadi ya ukaazi yenye jina lile lile la kwenye mzigo, hapa tena yale majina matatu. Mtu wa shifti lakini namshauri ajiandikishe kwenye apu ya DHL apate Packstation, yale makabati ya njano nje ya supamaketi, unachukua mzigo saa nane usiku ukitaka. Ila Packstation inapokea ya DHL tu, muuzaji akituma kwa kampuni zingine kama Hermes, DPD au GLS haiingii, angalia kabla hujalipa.

Swali: Mama yupo Tanga anataka kunitumia mzigo: khanga, samli, dagaa, viungo vya pilau, maembe, asali, dawa zangu za presha na mbegu za mchicha. Nini kitapita?

Mama ana mapenzi huyo. Tuanze na vinavyokwama. Samli ni kitu cha maziwa, na maziwa na nyama kutoka nje ya Umoja wa Ulaya mtu binafsi haruhusiwi kuletewa, kwa hiyo samli hapana na nyama iliyokaushwa hapana. Dawa za hospitali kwa posta hapana pia, hata ukiwa na cheti cha daktari wa kule, kinachoruhusiwa ni wewe mwenyewe kubeba za kwako kwenye begi ukisafiri, kwa posta wanazizuia. Mbegu za mchicha zinataka cheti cha afya ya mimea na maembe vilevile. Ila ajabu ya sheria yao, mananasi, ndizi, nazi, tende na durian havitaki hicho cheti, kwa hiyo nazi inapita embe linazuiwa, usiniulize kwa nini mi sio afisa forodha. Wasomaji wa Kenya, miraa msifikirie kabisa, huku ni dawa ya kulevya na ni kesi.

Vinavyopita: khanga, viungo vikavu, unga. Asali chini ya kilo 2. Samaki wana ruhusa yao ya hadi kilo 20 za kula mwenyewe wakiwa wametolewa matumbo au wamesindikwa, na kukaushwa ni kusindikwa, kwa hiyo dagaa wapo salama, afunge tu mara tatu nne manake harufu ikivuja hata kama sheria inaruhusu jirani yako hataruhusu. Akiongeza kahawa isizidi gramu 500, Ujerumani ina kodi yake ya kahawa.

Sasa karatasi, hapa ndo wengi wanaharibu. Zawadi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu haitozwi kodi mpaka thamani ya euro 45. Kina mama zetu wana tabia mbili, ama anaandika «zawadi» tu basi, ama kwa fahari anaandika laki tano ili mzigo uheshimiwe, na zote mbili zinakuponza. Aandike kitu kwa kitu kwa Kiingereza, khanga za pamba ngapi, viungo gramu ngapi, kila kimoja na bei ya kweli ya sokoni, na atie tiki kwenye zawadi. Asidanganye bei kushusha pia. Wakiutilia shaka utaletewa barua uende Zollamt, ofisi ya forodha ya eneo lako, unaenda na hiyo barua na kitambulisho, unapewa kisu unafungua mzigo mwenyewe mbele ya afisa, unaeleza dagaa ni nini. Wengi wao ni wastaarabu. Nenda ndani ya siku zilizoandikwa kwenye barua basi.

Swali: Nataka kutuma viatu na pafyumu kwa dada yangu Mwanza. DHL nimeambiwa bei mbili zinazotofautiana sana, mbona kampuni moja?

Jina moja, njia mbili. DHL ilianzia San Francisco mwaka 1969, posta ya Ujerumani ikaja kuinunua yote kufikia 2002, sasa ile DHL unayopeleka mzigo dukani ndo posta yenyewe ya huku, na mzigo wako ukifika Tanzania unakabidhiwa Shirika la Posta na dada ataitwa posta. DHL Express ni ya ndege zao na ofisi zao mwanzo mwisho, siku chache umefika, na bei yake ndo hiyo iliyokushtua. Kwa cheti cha shule au hati ya kiwanja mi nasema lipa Express na ufunge mdomo. Kwa viatu posta inatosha.

Ukienda kwa posta andika S.L.P. kama anayo, mji, na namba ya simu ya dada kwa maandishi makubwa, simu ndo itakayomfikia. Namba ya kufuatilia ni herufi mbili, tarakimu tisa, halafu DE, ikishatoka huku usikae kuitazama kwenye tovuti ya Kijerumani inayokwama kwenye «imeondoka nchini», iingize ile ile kwenye tovuti ya posta ya Tanzania. Na dada ajiandae, forodha ya kule inaweza kumtoza, mwambie kabla, usimpe mtu zawadi yenye bili ya ghafla.

Pafyumu toa. Ina spiriti inayoshika moto, kwenye mzigo wa posta wa ndege hairuhusiwi, na pawabenki usiweke pia.

Swali: Nimepata meseji kifurushi changu kimezuiwa nilipe euro 1.99 kwa linki. Nilipe?

Usibonyeze. Chukua namba ya mzigo uliyopewa na muuzaji, iingize mwenyewe kwenye apu ya kampuni, kama kuna deni la kweli utaliona hapo. Kama hukuagiza kitu chochote, hapo nani anakutumia?

Swali: Nahama mwezi ujao kwenda Bremen, nimeshabadilisha anwani ofisi ya mji. Barua zitanifuata zenyewe?

Hapana, hao ni watu wawili tofauti. Posta unaiambia kivyake, inaitwa Nachsendeauftrag, ombi la barua zako kupelekwa anwani mpya, unaijaza onlaini na kulipia, unachagua miezi 6, 12 au 24, na ifanye kama wiki mbili kabla ya kuhama. Mizigo ya kampuni zingine haimo humo. Benki, bima na mwajiri waandikie wewe mwenyewe, stempu ya barua ya kawaida ni senti 95, na ukikosa stempu nunua kwenye apu ya posta, wanakupa msimbo unaouandika kwa peni juu ya bahasha, unaanza na #PORTO, unatumbukiza. Na ukitoka pale kwenye nyumba ya zamani banua jina lako kwenye sanduku, usimuachie mpangaji mpya barua zako.